Ndege ya kuunda mwenyewe: RV-12 au Zenith CH 750?

Wakuu niko Texas, gereji ninayo, nataka kuunda ndege ya watu wawili ila sijawahi kushika ribiti (zile pini za kuunganishia vipande vya metali) maishani, nianze na ipi?

— Mkuu kwanza jiulize utaruka wapi. Zenith inanyanyuka fasta hata kwenye majani ila mwendo mdogo, ukitaka safari ndefu chukua RV-12. Zote alumini, ribiti nyingi ni za kuvuta, si za kugonga kwa nyundo, mkono unazoea tu.

— Nunua vifaa vya mkia tu kwanza! Mimi nilianza hivyo nikajipima moyo kabla sijazika hela kwenye injini. Na piga picha kila hatua, ukiisajili kama ya kujiundia, FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) wanataka uthibitishe zaidi ya nusu ya kazi ni ya watu waliojiundia wenyewe.

— Asanteni sana, naanza na mkia wa RV-12, mabawa yake yanachomoka kwahiyo gereji itatosha.