Barabara za mpira za "Afrika" zimeniharibia askari 31, muuzaji anasema kosa ni joto la kwangu

Wakuu, nimesubiri jibu la muuzaji wiki nzima. Limekuja jana na limenitia hasira kuliko hasara yenyewe, kwa hiyo naliweka hapa ili mwingine asiingie mkenge kama mimi.

Kwa miezi minane nimekuwa nikipaka rangi askari wa sanamu wa milimita 28 kwa ajili ya mchezo wa vita wa mezani, mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, Waingereza dhidi ya Wajerumani. Askari ni wa madini, vitako, yaani visahani wanavyosimamia, ni vile vya plastiki vya duara ambavyo karibu kila mchezaji anatumia. Ilibaki ardhi tu: barabara, vijito na reli. Muda wa kutengeneza kila kitu sina, nikaagiza nje seti ya "Afrika", vipande laini vya mpira vya kujipinda, vilivyokwisha pakwa rangi. Tangazo lilisema ukivitandaza vinalala vyenyewe, vinafuata mwinuko wa kilima, havihitaji kazi yoyote. Bei, usafiri na ushuru, ikanitoka laki tatu na ushee.

Vilifika vimeviringishwa, kingo zikakataa kulala mpaka nikazilalia vitabu siku tatu. Hilo ningelimeza.

Lakini hiyo "Afrika" yao ni ipi? Kila kipande ni njano ya jangwani. Wanajeshi wa Jenerali Aitken wa Uingereza, kama 8,000 kutoka India, walishuka Ras Kasone wakaenda mjini wakipenya vichaka na mashamba ya minazi na mipira, kampuni moja haioni nyingine. Mitini kulikuwa na mizinga ya nyuki, na nyuki walipochokozwa na risasi walishuka wakauma watu. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika, na uoto ule ulimsaidia sana. Ukiuondoa huo ukaweka mchanga wa Sahara, unacheza vita vingine kabisa. Na reli! Reli ya Usambara upana wake ni mita moja kati ya chuma na chuma. Kwa skeli ya askari hawa, 1:56, hiyo ni kama milimita 18. Ya kwao nimeipima kwa rula: 32. Mkato wa reli, yaani handaki lililochimbwa kupitishia reli, ndio uliokuwa kati ya washambuliaji na mji, ndio kitu cha kwanza mchezaji wa Tanga anachokitafuta mezani, na wao wameweka reli ambayo haikuwahi kupita pale.

Sasa njooni kwenye lililoniuma.

Nilipanga meza mapema kwenye chumba cha nyuma, kila kikosi mahali pake, nikafunga mlango ili watoto wasiguse. Wiki mbili. Jumamosi wenzangu wamekuja, namnyanyua Rajput (askari wa kikosi cha Kihindi) wa kwanza, barabara nzima ikanyanyuka naye. Nikaishika kwa mkono mwingine nikavuta taratibu. Kati ya kitako na barabara kukawa na nyuzi nyeusi zinavutika kama ulimbo. Chini ya kitako plastiki ilikuwa inang'aa, laini, ukibonyeza kwa kucha inaacha alama. Barabarani limebaki shimo la duara. Askari 31 hivyo hivyo. Tukatumia wembe, na hata hivyo singe tisa zimekatika na rangi ya miguuni imebanduka na changarawe zake.

Nane tu walitoka salama, wakavu kabisa. Hao nilikuwa nimewabandika kwenye washa za chuma, zile pete za boliti, baada ya kuishiwa vitako. Hapo ndipo nilipojua tatizo ni nini. Ule "mpira" ni PVC laini, na PVC hulainishwa kwa kuchanganywa na mafuta maalumu. Mafuta hayo huvuja polepole, joto huyaharakisha, na yakikutana na plastiki ya polistirini, kama ya vitako vyangu, huilainisha mpaka vigandane. Mliosoma mnakumbuka kifutio kilichoachwa likizo nzima juu ya rula ya plastiki, kimezama ndani yake. Ni jambo lile lile. Nikalaza kipande juu ya karatasi nyeupe, siku ya pili karatasi ina doa la mafuta.

Nikatuma picha zote. Jibu: bidhaa ni ya kutumika kwenye joto la kawaida la nyumbani, hawarudishi pesa. Nyuzi 31 ndilo joto la kawaida la nyumbani kwangu Dar! Na kama kitako hakitakiwi kugusana na barabara, barabara ni ya kuwekea nini?

Mlionunua vipande vya aina hii, waondoeni askari wenu juu yake leo, msingoje kesho. Wekeni karatasi chini yake usiku kucha kisha leteni picha hapa, tujue ni vya muuzaji mmoja au wote ndio walivyo. Mimi narudi kwenye barabara za turubai za kujitengenezea: napaka gundi ya kuzibia nyufa ya akriliki, siyo silikoni maana silikoni haishiki rangi, nanyunyizia mchanga kabla haijakauka. Inapinda vizuri na haivuji mafuta.

Mwenye Rajput wa ziada wa milimita 28, hata kama hajapakwa rangi, aniandikie. Nahitaji singe tisa.