Kupima kura kwa kabila wakati kura ni ya siri

Kijana wa Arua: Habari ndugu zangu. Naandika tasnifu hapa Makerere. Katika kesi ya Thornburg v. Gingles ya 1986, mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilipokea hesabu za kuonyesha kwamba weusi na weupe wa North Carolina walipiga kura tofauti. Walilinganisha asilimia ya weusi katika kila kituo na kura za mgombea, wakachora mstari. Nimejaribu hivyo kwa makabila yetu ya Uganda, uchaguzi wa 2021, wilaya kwa wilaya, nikitumia sensa ya 2014. Mstari unasema kabila moja lilimpa mgombea wake asilimia 108. Inatokana na nini?

Karani wa Masaka: Mdogo wangu, huo ni mstari wa mtakwimu Goodman, wa 1953, na tabia yake ndiyo hiyo. Unachukulia kwamba watu wa kabila moja humuunga mkono mgombea kwa kiwango kilekile popote walipo. Muganda wa Kawempe, hapo Kampala, na Muganda aliyehamia wilaya ya mbali ya Kiryandongo hawapigi kura kwa sababu zilezile. Mwanasosiolojia Robinson alionya mwaka 1950 kwamba hesabu za eneo hazisemi tabia ya mtu mmojammoja: katika sensa ya Marekani ya 1930, majimbo yenye wahamiaji wengi yalikuwa na wasiojua kusoma wachache, ilhali wahamiaji wenyewe ndio waliokuwa nyuma kidogo kwa kusoma. Walikuwa wamehamia kwenye majimbo yenye wengi waliojua kusoma, basi.

Achana na wilaya, shuka hadi kituo. Anza na mipaka ya watafiti Duncan na Davis, yaani kiwango cha chini na cha juu kinachowezekana, kabla ya mstari wowote. Tuseme kituo kina wapiga kura 500, 400 wa kabila A na 100 wa kabila B, mgombea akapata 450. Hata B wote wakimpigia, A wamempa angalau 350, yaani asilimia 87.5. Kuhusu B unajua tu kwamba ni kati ya 50 na 100. Hapo hujakisia chochote. Mwanasayansi wa siasa King mwaka 1997 aliunganisha mipaka hiyo na makadirio, na asilimia 108 haitokei tena.

Kijana wa Arua: Asante sana. Lakini kabila la watu wa kituo kimoja nitalijuaje?

Karani wa Masaka: Tazama orodha ya vituo vya Kampala. Eneo moja hugawanywa kwa herufi za majina, na kituo cha majina yanayoanza na NA kitajaa wanawake wa Kiganda, akina Nakato na Nansubuga. Marekani nao hukadiria asili ya mtu kwa jina la ukoo pamoja na mtaa anaoishi.

Dada wa Gulu: Kaka, hapo uwe mwangalifu. Nabirye ni wa Busoga na yuko kwenye NA hiyohiyo. Okello anaweza kuwa Mwacholi, Mlangi au Mjopadhola. Isitoshe, katika kituo cha NA karibu wote ni wanawake, kwa hiyo tofauti utakayoiona huenda ni ya jinsia.

Karani wa Masaka: Kweli dada. Kwa hiyo alinganishe NA na vituo vya majina ya SSE vya parokia hiyohiyo (eneo la utawala, si la kanisa), ambavyo wengi ni wanaume Waganda, kisha ndipo aseme habari za kabila. Na kijana, chapisha mipaka yote, hata ile mipana. Namba moja tupu ikifika redioni, jirani ataitwa msaliti kwa kura ambayo hakuna aliyeiona.

Kijana wa Arua: Nimeelewa. Naanza na vituo vya Kawempe wiki hii, nitaleta jedwali hapa mlikague.