Topps Chrome zinapinda tangu mvua ianze, nifanyeje?

Refrakta_Umoja:
Wadau, kadi zangu za Topps Chrome (zile za kukusanya, zenye picha za wachezaji wa mpira) za Ligi ya Mabingwa zinapinda, kingo zikielekea upande wa picha. Zimo kwenye kava laini ndani ya droo. Nikizilaza chini ya vitabu vizito zitanyooka?

KingoNne:
Vitabu peke yake havitoshi. Ukiviondoa tu zinarudi kupinda. Chrome ina utando wa plastiki mbele na karatasi nyuma. Karatasi ikinyonya unyevu hutanuka, utando haubadiliki, kwa hiyo kingo zinavutwa mbele. Zikikauka kupita kiasi, zitapinda kwa nyuma. Zako zimenyonya unyevu.

Tafuta mkebe wenye mfuniko unaobana. Weka kipima unyevu kidogo cha dijitali pamoja na silika (chembe zinazonyonya unyevu), kadi zikiwa kwenye kava zake, mdomo wazi, hewa ipite. Lenga asilimia 45 hadi 50. Angalia kila siku, na zikishanyooka ndipo uzitie kwenye toploda, lile kava gumu la plastiki. Vile vipakiti vya silika vya kwenye sanduku la viatu mara nyingi vimeshashiba maji. Afadhali silika ya rangi ya machungwa, inayogeuka kijani ikijaa. Mchele achana nao, una vumbi. Pasi na mashine ya kukausha nywele usithubutu!

Mzee wa Toploda:
Sawa, ila silika haijui kusimama. Ukiisahau humo, unyevu unashuka mno na utaanza kulia na kadi zilizopinda upande wa pili. Kwa kuhifadhi muda mrefu tumia vipakiti vya kudhibiti unyevu vya asilimia 49, vinavyonyonya na kutoa unyevu.

Toploda nayo angalia namba ya unene wa kadi inayoingia. 35 ni sehemu 35 za elfu za inchi, karibu milimita 0.9, inatosha Chrome ya kawaida. Kadi yenye kipande cha jezi ni nene, nyingi huhitaji 130. Ukiilazimisha kwenye 35, pembe zinachubuka.

Refrakta_Umoja:
Asanteni sana. Na nikitaka kuzituma PSA, ile kampuni ya kupima ubora wa kadi, zipewe gredi?

KingoNne:
Ngoja zinyooke kwanza. Kisha kava laini, halafu Card Saver 1 (kava la plastiki lisilo gumu sana), si toploda. PSA wanapendelea ile inayonyumbulika kidogo, ni rahisi kutolea kadi. Usitumie selotepu, gundi yake hubaki. Kabla ya kulipia, inamisha kadi chini ya taa: ukiona mstari mweupe usiofutika, huo ni mkunjo wa karatasi na silika haiuondoi. Hiyo ibaki nyumbani.