Kupanua kiwanja cha mtaa Malindi: tuanze na jukwaa au na nyasi?

Katibu_Muyeye
Salaam wakuu. Naandika kwa niaba ya kamati ya kiwanja cha mtaa hapa Malindi, upande wa Muyeye. Ardhi ni ya umma na haina mgogoro. Eneo lote ni mita 122 kwa 84, upande mrefu umeelekea kaskazini na kusini. Kwa sasa uwanja wenyewe ni 95 kwa 58, mchanga mtupu, na mvua ya Mei ikishika, goli la kusini linageuka bwawa. Wafadhili wanataka uwanja wa 105 kwa 68, nyasi za kweli, uzio, na majukwaa pande zote mbili. Pesa zinakuja kwa awamu, na ya kwanza inatosha jukwaa moja ama uwanja wa kuchezea, si vyote viwili. Wengi kwenye kamati wanataka jukwaa lianze, watu walione. Kisima kipo ila maji yana chumvi kidogo. Fundi naye anasema mchanga wa ufuoni utapunguza gharama. Tushaurini, na kama mna vipimo tupeni vipimo.

Mpimaji_Barani
Bwana Katibu, anzeni na uwanja wa kuchezea. Sababu ni levo. Urefu wa kila ngazi ya jukwaa unahesabiwa kutoka usawa wa uwanja. Mkijenga jukwaa leo na mwaka ujao mkaja kujaza uwanja kwa ajili ya nyasi na mteremko, safu ya mbele itakuwa imezama na maji yote yataelekea kwenye msingi wa jukwaa. Hilo ndilo kosa la viwanja vingi vya mitaa.

Sasa ukubwa. 105 kwa 68 ni kipimo kizuri, lakini eneo lenu ni finyu. Jukwaa la safu tano lina kina cha mita 3.75. Liweke mita 5 kutoka mstari wa pembeni, acha njia ya mita 2 nyuma yake, hapo ushatumia 10.75 kwa upande mmoja. Majukwaa mawili na uwanja wa 68 yanahitaji mita 89.5, na nyinyi mna 84. Hata jukwaa moja, ukiacha mita 5 upande wa pili, inafika 83.75. Zinabaki sentimita 25, na ukuta wa uzio haujawekwa. Chukueni 100 kwa 64. Sheria za soka zinakubali hicho hata kwa mechi ya kimataifa: urefu 100 hadi 110, upana 64 hadi 75. Mtabakiwa na mita 9 na ushei upande wa mashariki, na watu wa kusimama watapata pao.

Jukwaa liwe magharibi, msikubali lingine. Mechi zetu ni za alasiri, na anayekaa mashariki analitazama jua usoni mpaka kipenga cha mwisho.

Kazi yenyewe: mpimaji apige levo kila mita 10 uwanja mzima, na aache alama moja ya kudumu kwenye zege ambayo trekta haitaigusa. Katikati pawe juu, pande zishuke kwa asilimia 1. Kutoka mstari wa kati wa urefu hadi pembeni ni mita 32, kwa hiyo kitovu kinapanda sentimita 32. Mchezaji haoni mteremko huo, lakini maji yanauona. Pembeni chimbeni mtaro kina cha sentimita 60, upana 40, paipu ya matundu ya milimita 110 ndani ya kokoto safi, ishuke sentimita 1 kila mita 2 hadi shimo la kunyonyea. Shimo lisiwe karibu na kisima. Bwawa la goli la kusini litakwisha kwa hilo, si kwa kumwaga mchanga juu kila mwaka.

Zege_na_Nondo
Mpimaji kasema kweli. Mimi nitagusa jukwaa, maana awamu ya pili itafika.

Mchanga wa ufuoni kwa zege yenye nondo: hapana kabisa. Chumvi inakula nondo kutoka ndani, kutu inavimba, zege inabanduka vipande. Mtaiona miaka michache tu. Tumieni mchanga wa mto Sabaki, na uwe wa juu, si wa mdomoni ambako bahari inaingia. Upimeni kama mchanga una tope: jaza mchanga nusu chupa ya wazi, ongeza maji, tikisa, acha masaa matatu. Tabaka la tope juu ya mchanga likizidi asilimia 8 ya urefu wa mchanga, rudisha lori. Kipimo cha chupa lakini hakionyeshi chumvi. Hiyo ni ya maabara. Maji ya kuchanganyia pia, msitumie ya hicho kisima.

Zege ya ngazi 1:1½:3 (saruji, mchanga, kokoto), na funiko la nondo, yaani unene wa zege unaoifunika, milimita 50, si 25 za nyumba za bara. Wekeni vitofali vya zege chini ya nondo. Fundi anayetumia vipande vya mawe au mbao mkatazeni. Msimu wa kaskazi upepo unakausha uso kabla zege haijashika na nyufa zinatokea jioni ile ile. Mwageni saa za alasiri, mfunike kwa magunia mabichi siku saba. Watu huona kumwagilia zege ni kazi ya kibarua mtoto, lakini ndipo nguvu inapopatikana.

Vipimo: kila ngazi upana sentimita 75, kimo 40. Kimo hicho si cha kupendeza tu. Kwa mtu wa mbele aliye mita 5 kutoka mstari, kimo cha 40 kinampa kila wa nyuma zaidi ya sentimita 9 juu ya macho ya aliye mbele yake, kwa safu zote tano. Mkipunguza mpaka 30 ili kuokoa kifusi, kuanzia safu ya nne mtu anatazama kisogo cha mwenzake. Jukwaa la mita 60, njia tano za ngazi za mita 1.2, kila mtu sentimita 50: mnapata watu 108 kwa safu, yaani 540. Kama wafadhili wanatarajia watu elfu moja, waambieni mapema kuwa hapo haipatikani.

Kwa safu tano msijenge nguzo na mihimili. Tuta la kifusi lenye ukuta wa nyuma ni rahisi zaidi. Kifusi kilichoshindiliwa ni kama mita za ujazo 270, na kwa kuwa kinashuka kikishindiliwa, agizeni karibu 340. Mwageni tabaka za sentimita 15, lowesheni, piga rola, ndipo tabaka linalofuata. Tuta likimwagwa lote kwa siku moja litazama baada ya mvua ya kwanza na ngazi zitakatika katikati. Ukuta wa nyuma unafika mita 2 na unasukumwa na udongo wote ule, kwa hiyo ni kazi ya injinia aliyesajiliwa na si ya kukisia. Uwe na matundu ya kutolea maji kila mita 1.5, na juu yake reli ya mita 1.1.

Mbele pia reli ya mabomba, si ukuta wa mawe. Aliyekaa safu ya kwanza anauona mstari wa pembeni kwa kupitisha macho chini ya reli, na ukuta utamziba.

Bi_Ukoka
Katibu mwanangu, nyasi zina masharti. Ukoka wetu unatosha na unavumilia jua na kukanyagwa. Maji yakiwa na chumvi nyingi, nyasi aina ya paspalamu ndiyo inayostahimili zaidi. Pelekeni maji maabara kwanza ndipo mchague.

Eneo la nyasi pamoja na ukingo wa mita 3 kila upande ni 106 kwa 70, mita mraba 7,420. Tabaka la sentimita 10 la mchanga na mboji linataka mita za ujazo 742. Lori la tani 7 linabeba kama tano, hesabuni safari 150. Mboji iwe imeoza kabisa, ama mtapanda magugu.

Maji ni milimita 5 kwa siku wakati wa kiangazi, yaani lita 37,000. Hapo ndipo kisima kitawasaliti. Pwani maji matamu yanaelea juu ya ya chumvi: kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Mkivuta kwa pampu kubwa mkashusha nusu mita, chumvi inaweza kupanda hata mita 20. Vuteni polepole usiku kucha kwenye matangi. Msinyunyize kidogo kila mahali kila siku, chumvi itabaki juu. Gawanyeni uwanja vipande, kila usiku kipande kimoja kilowe vizuri mpaka sentimita 15.

Pandeni vipando kwa mistari ya sentimita 20, mwisho wa Machi, mvua iwakute. Wiki 10 hadi 12 bila mpira. Na bila mbuzi.

Mwana_wa_Amu
Hapa Lamu tuna swali lilo hilo, na kokoto na saruji zinakuja kwa boti kutoka Mokowe. Nyongeza yangu ni chuma. Reli na magoli yachomelewe kwanza, kisha yachovywe zinki. Ukichovya halafu ukachomelea, joto linaichoma zinki penye kiungo na kutu inaanza hapo hapo. Toboeni tundu dogo kila bomba lililozibwa, maana hewa iliyofungiwa inaweza kulipasua ndani ya zinki ya moto. Chini ya kila nguzo zege ipande sentimita 5 juu ya udongo, na ishuke pande zote, maji yasikae shingoni. Na mchanga wa vilima vya Shela huku hauchotwi: ndivyo vinavyotunza maji matamu ya kisiwa.

Katibu_Muyeye
Shukrani sana wazee wangu. Tumekubali 100 kwa 64. Milango je? Tukiweka na tuta la kusimama mashariki tunategemea watu 1,500.

Mpimaji_Barani
Kwa njia tambarare hesabu ni watu 82 kwa kila mita ya upana kwa dakika, na wote wawe nje ndani ya dakika 8. Watu 1,500 wanahitaji mita 2.3. Milango miwili ya mita 1.5 inaonekana inatosha, lakini moto au vurugu ikiziba mmoja mmebaki na nusu. Wekeni mitatu, ifunguke nje, isiwe upande mmoja, na kufuli zitolewe kabla mechi haijaanza. Mbali na hiyo, geti la mita 4 la ambulansi lifike mpaka uwanjani bila kupita mbele ya jukwaa. Liandikeni kwenye ramani sasa, kabla michoro haijaenda kaunti na NCA (Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi), kwa sababu likisahaulika ni ukuta wa uzio utakaobomolewa.