Mrejesho: VAT ya jenereta ya duka na nyumbani, Kirumba

Wakuu, niliuliza kama VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya jenereta inayowasha duka la vifaa vya ujenzi mchana na nyumba usiku naweza kuidai yote kwa TRA (mamlaka ya mapato). Hapana, ni sehemu ya biashara tu. Bei 4,000,000 kabla ya kodi, VAT 18% ni 720,000. Mita ilisoma saa 150 za duka na 50 za nyumbani kwa mwezi: duka ni 75%, yaani VAT ya kudai ni 540,000. Daftari la saa ndiyo ushahidi wenu, jazeni kila mnapoizima. Risiti ya EFD (mashine ya risiti ya kielektroniki) iwe na TIN (namba ya mlipakodi) na VRN (namba ya usajili wa VAT) ya mnunuzi, hakikisheni kabla hamjatoka dukani. Gari dogo la abiria msilihesabu hivi: sheria ya VAT ya 2014 inakataa kudai VAT yake, hata likibeba saruji, isipokuwa biashara yenyewe ni kuuza magari, kuyakodisha au usafirishaji. Asanteni sana.