Nyasi za Mbuga ya Nairobi: zichomwe, zikatwe, au ng'ombe waachiwe?

MwanaLangata
Wenzangu, tujadili bila matusi. Mbuga yetu ni kilomita za mraba 117 tu, na sehemu kubwa ya uwanda imejaa nyasi ndefu, ngumu, zilizokomaa bila kuliwa. Nyumbu, kongoni na swala tomi wanataka nyasi fupi: zina lishe, na simba hapati pa kujificha. KWS, shirika la serikali la wanyamapori, wameshawahi kukata kwa trekta na kuchoma kwa mpango. Sasa kuna wanaotaka ng'ombe wa wafugaji wa Kitengela, kusini mwa mbuga, waingizwe kwa zamu wakati wa kiangazi, ingawa sheria ya wanyamapori ya 2013 haiwaruhusu. Mimi naunga mkono moto. Ninyi je?

MsomiJuja
Moto ndiyo, lakini kwa vipande. Ukichoma uwanda wote mwaka mmoja, ndege tandawala atataga wapi? Choma hapa, acha pale, mwaka ujao geuza. Kuna ndege wa nyasi ndefu na kuna wanyama wa nyasi fupi, na wote ni wetu. Tena moto usifike vichakani: kifaru mweusi hali nyasi, anakula majani na vijiti vya miti midogo.

Mkaazi_Syokimau
Ng'ombe ndani ya mbuga? Haiwezekani. Kila ukame mifugo inafika hadi barabara za katikati ya jiji kula nyasi za kandokando. Hawa watu wakiingia hawatoki. Na msisahau ni Kitengela huko huko simba sita waliuawa siku moja mwaka 2012.

Ole_Kaputiei
"Hawa watu" ni akina nani? Sema wazi. Simba wale waliingia zizini usiku wakaua mifugo ya familia iliyokuwa imelala. Wewe ukiibiwa gari unapiga ripoti na bima inakulipa. Mimi nilipeleka fomu za fidia katika ofisi moja, nikaambiwa nisubiri, na hadi leo nasubiri. Tangu mbuga itengwe 1948 tunaambiwa sisi ndio adui wa wanyama tulioishi nao.

MwanaLangata
Ni 1946, mzee. 1948 ni Tsavo. Na tafadhali turudi kwenye nyasi.

Ole_Kaputiei
Sawa, 1946. Miaka hiyo miwili inanirudishia malisho? Unataka nyasi, haya nyasi: boma likihamwa, samadi inabaki ardhini na panaota nyasi laini zinazopendwa na kila mnyama. Narok wamechunguza makazi ya wafugaji wa zamani, mengine ya kama miaka elfu tatu, na rutuba ile bado inaonekana. Hizo nyanda mnazozipiga picha, ng'ombe wetu walishiriki kuzitengeneza.

MsomiJuja
Hilo ni kweli. Lakini kuna jambo zito hapa. Kule kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, kuna jaribio la viwanja vya uzio, vingine vya ng'ombe na vingine vya wanyamapori, linaloendelea tangu 1995, na limeonyesha kwamba kiangazi ng'ombe na wanyamapori wananyang'anyana chakula. Wakati wa mvua wanasaidiana, kwa sababu pundamilia na wenzake wanaondoa mabua makavu na chipukizi zinafikika. Kwa hiyo pendekezo la kuwaingiza *kiangazi* limechagua msimu mbaya kabisa. Wakiingia, iwe baada ya mvua, wachache, kisha watoke.

Mkaazi_Syokimau
Ole, nyumba yangu nimeinunua kwa jasho langu na hati ninayo. Unaniita mvamizi kwa mafumbo? Ploti hizo ziliuzwa na nani kama si nyinyi wenyewe?

Ole_Kaputiei
Sikukuita mvamizi, umejiita. Ndiyo, tuliuza. Mwaka 2000 ulianza mradi wa kutulipa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili tusiweke nyua wala kukata ardhi vipande, na malipo yalikuja mihula ya shule inapoanza. Familia nyingi zilikubali kwa moyo safi. Lakini dola nne! Dalali anakuja na bei ya ploti, mtoto amefukuzwa kwa karo, ungefanya nini?

BintiMbagathi
Mnagombana huku gugu karoti linateka ardhi. Linapenda mahali palipokwanguliwa: kando ya barabara, palipolishwa kupita kiasi, palipochomwa vibaya. Ng'ombe wanalikwepa, mikono inawasha. Ling'olewe kabla ya maua, kwa glavu. Mkichoma au mkilisha bila kulifikiria hilo, mtavuna magugu.

Mkaazi_Syokimau
Dawa ni uzio upande wa kusini, tumalize. Ng'ombe wabaki kwao, simba wabaki kwao.

MwanaLangata
Uzio?! Kusini kuna mto Mbagathi tu, na ndiko wanyama wanakotokea kwenda nyanda za Kaputiei mvua ikinyesha. Rasimu ya mpango wa usimamizi wa mbuga wa 2020 hadi 2030 ilipoleta wazo hilo watu walipinga kwa nguvu, nami nilikuwa mmoja wao. Tayari tumepitishiwa reli juu ya mbuga. Ukifunga kusini umebaki na bustani ya wanyama.

Mkaazi_Syokimau
Wanakwenda wapi, MwanaLangata? Kwenye mageti na mawe ya machimbo? Miaka ya sabini nyumbu wa nyanda hizi walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Leo wamebaki masalio. Njia mnayoitetea imeshajengwa. Mimi naishi juu yake, naiona kila asubuhi.

Ole_Kaputiei
Haijajengwa yote. Kwangu hakuna waya, na kwa jirani zangu watatu hakuna. Pundamilia wanapita na kunywa kwenye bwawa letu pamoja na ndama. Badala ya hela za uzio, tulipwe kodi ya ardhi inayokaribia bei ya soko, kwa mkataba wa miaka mingi, tuone kama kuna atakayeuza. Na ukitaka kuja kuona, Syokimau, njoo Jumamosi. Chai iko.

Mkaazi_Syokimau
Nani atalipa hiyo kodi? Kaunti? Watalii? Jibu hilo kwanza.