Watengenezaji wa RAM wametupiga, na DDR5 nayo ni kimeo

Wakuu, mnivumilie, leo nina hasira.

Tangu 2014 watafiti wa Carnegie Mellon, chuo cha Marekani, walishasema. Walipima RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) 129 za kizazi cha DDR3, 110 zikakutwa na ugonjwa mmoja: ukisoma safu moja ya seli za chipu mfululizo, harakaharaka, safu za jirani zinavuja chaji, biti zinageuka: 0 inakuwa 1 na 1 inakuwa 0. Data ya jirani hujaigusa hata kidogo! Kila safu huchajiwa upya ndani ya milisekunde 64, lakini kwenye chipu dhaifu mapigo 139,000, yaani kusoma mara 139,000, yalitosha kuwahi chaji hiyo. Chanzo ni kubana seli ili gigabaiti ziwe nyingi. Ikaitwa Rowhammer. 2015 Google wakaonyesha programu ya kawaida tu ikijitwalia mamlaka yote ya Linux kwa njia hiyo.

Ikaja DDR4, tukaapiwa kwamba ndani ya chipu kuna kinga. Kinga gani? Siri yao! 2020 ikapenywa, na 2021 watafiti wa ETH Zurich, chuo cha Uswisi, wakapima RAM 40 za DDR4, zikageuza biti zote 40.

Haya, hamieni DDR5. Bei mnaijua. Septemba 2025 haohao wa Zurich pamoja na Google wakaja na Phoenix, shambulizi la Rowhammer kwa DDR5: RAM 15 za mtengenezaji SK Hynix, hakuna iliyopona, na kwenye kompyuta yenye mipangilio ya kawaida walishika root, yaani mamlaka yote ya mashine, kwa sekunde 109. Tiba yake? Safu zichajiwe upya mara tatu ya kawaida, mashine ipoteze kama asilimia 8 ya kasi. Kasi uliyoilipia!

Mimi nimefunga DDR5 kwenye seva ya ofisi. Nikarudi dukani, kijana wa kaunta ananiambia, "Bro, waranti ni kama haiwaki. Yako si inawaka?" Msambazaji naye kanijibu niapdeti BIOS, programu ya kuwashia mashine. BIOS itabadilisha ratiba ya kuchaji, chipu ni ileile!

Boksi lina kasi, lina voltaji, lina picha ya taa za rangi. Chipu inahimili mapigo mangapi kabla biti haijageuka? Kimya.

Kuna aliyewahi kurudishiwa hela kwa hili? Na asije mtu na "nunua ECC mkuu", ile RAM inayojisahihisha makosa. Hiyo nayo ilishapenywa tangu 2018.